Uvimbe sugu wahitaji mkono mwepesi, si huruma

Mwaka 2011 nilikuwa nikifundisha Biolojia katika shule moja ya upili huko Kilifi. Siku moja nilikuwa nimemaliza kueleza ugonjwa wa matende: jinsi mbu anavyomwambukiza mtu, jinsi vijiminyoo vya Wuchereria bancrofti vinavyoingia mwilini na kukomaa ndani ya mishipa ya limfu, na jinsi vizazi vyake vinavyozagaa katika damu nyakati za usiku vikimngojea mbu mwingine. Ubao ulikuwa umejaa mishale. Nikauliza, kama ilivyo ada, iwapo kulikuwa na swali lolote. Msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, ambaye hakuwa na mazoea ya kusema darasani, akasimama: “Mwalimu, na mtu ambaye mguu wake umekwisha kuvimba, afanyiwe nini?”

Nilimjibu kwamba huyo hana dawa, na kwamba kinga ndiyo bora. Kengele ikalia, nikabeba vitabu vyangu nikaenda zangu. Baadaye nilipata kujua kwamba msichana yule aliishi na nyanya yake, na kwamba yeye ndiye aliyemtekea maji na kumwogesha kila asubuhi kabla ya kuja shuleni.

Jibu lile lilikuwa kosa, na sitaki kulipunguza ukubwa. Sikusema uongo kwa makusudi. Nilisema nilichofundishwa, nacho ndicho nilichokuwa nimewafundisha wengine kwa miaka mingi. Ni kweli kwamba mguu uliokwisha kuharibika mishipa yake ya limfu haurudi kuwa kama ulivyozaliwa. Lakini kati ya kupona kabisa na kuachwa bila ya msaada pana nafasi pana sana, na katika nafasi hiyo mna mambo ambayo mkono wa mtu, kitambaa, maji na sabuni vyaweza kuyafanya. Haya ndiyo ninayotaka kuyasema leo kwa walimu wenzangu na kwa wanafunzi wetu, hasa wale wa Pwani ambao hawahitaji picha ya kitabuni ili kujua matende yana sura gani.

Tuanze na mwili wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopotelea. Moyo unaposukuma damu, sehemu ya maji yake hupenya katika kuta za mishipa myembamba na kuziloweka chembe za mwili, yakiwa yamebeba chakula. Maji hayo hayarudi yote kwa njia yalikotokea. Yanayosalia, pamoja na protini zilizovuja, huzolewa na mishipa ya namna nyingine ambayo midomo yake imetandazwa chini kidogo tu ya ngozi. Hiyo ndiyo mishipa ya limfu. Hupitia katika tezi, zile ambazo zikimvimba mtu kinenani sisi husema ana mitoki, na mwishowe humwaga mzigo wake katika mishipa mikubwa ya damu iliyo chini ya shingo, nyuma ya mtulinga. Kwa siku moja limfu inayorudishwa hivyo hukadiriwa kuwa lita mbili hadi nne. Mishipa hii haina moyo wa kuisukuma. Hujikunja yenyewe polepole, na husaidiwa na misuli mtu anapotembea na kifua anapovuta pumzi.

Mwitaliano Gaspare Aselli aliiona mishipa ya jamii hii katika tumbo la mbwa mwaka 1622, yaani miaka sita kabla ya William Harvey kuchapisha kitabu chake juu ya mzunguko wa damu. Hata hivyo, mwanafunzi wetu aweza kuuchora mzunguko wa damu akiwa amefumba macho, na ukimwuliza habari za limfu akakuangalia kana kwamba umemsemesha Kichina.

Sasa mishipa hiyo ikizibwa au ikipanuka hata vali zake zisifunge, maji yenye protini hubakia palepale. Mwanzoni uvimbe ni laini. Ukibonyeza kwa kidole huacha shimo, na mgonjwa akilala usiku hupungua. Miaka ikipita, nyama ya chini ya ngozi huwa ngumu, ngozi hukunjamana na kupasuka, na mguu huwa mzito kama gogo. Visababishi ni vingi. Huku kwetu ni mnyoo wa matende. Kule nyanda za juu penye udongo mwekundu uliotokana na volkano, hasa nchini Ethiopia, watu waliolima miguu mitupu kwa miaka mingi huvimba miguu kwa sababu ya chembe ndogo za udongo zinazopenya katika nyayo, na kinga yao ni viatu. Na mahali popote pale, mwanamke aliyetibiwa saratani ya titi kwa kuondolewa tezi za kwapani au kupigwa miale aweza kuvimba mkono; yakadiriwa kwamba hali hiyo humpata takriban mmoja katika kila watano.

Nimemtaja huyo wa mwisho kwa sababu ndiye aliyenifumbua macho. Mwalimu mwenzangu, mama wa makamo aliyekuwa akifundisha Hisabati, alirudi kazini baada ya matibabu akiwa mzima, sote tukamshangilia. Baada ya mwaka mmoja hivi mkono wake wa kulia ukaanza kujaa. Kwanza pete ikamkataa, kisha mkono wa blauzi, kisha akawa hawezi kuinua chaki hadi juu ya ubao zaidi ya dakika chache. Alikwenda katika hospitali moja akaambiwa, “Mama, shukuru Mungu u hai, hilo utalizoea.” Akajaribu kulizoea. Alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na wanafunzi wakawa wanachekea chini kwa chini hati yake. Nasikitika kusema kwamba hata sisi walimu hatukuwakemea vya kutosha.

Ni shangazi yake aliyempeleka kwa mkandaji. Hapa naomba nieleweke vyema. Mimi ni mtu wa Pwani, nimekandwa na mama zangu tangu utotoni, na siwadharau wakandaji wetu. Mtu aliyeteguka kifundo au aliyekazwa na shingo aweza kupata nafuu kubwa mikononi mwao. Lakini kuchua kwetu ni kwa nguvu. Mkandaji hupaka mafuta, akabonyeza hadi kwenye mfupa, na mgonjwa akilia huambiwa kwamba uchungu ndio unatoka. Kwa mkono au mguu uliojaa limfu, nguvu hiyo ni hasara. Mishipa inayohitaji kusaidiwa iko juu, chini tu ya ngozi, nayo ni dhaifu. Ukiikandamiza kwa nguvu waiumiza, na tena waiamsha damu ije kwa wingi mahali ambapo tayari maji yamezidi. Mwenzangu alirudi mkono ukiwa mwekundu na wa moto, akashikwa na homa na kutetemeka, akalazwa siku tano.

Alipokuwa amelazwa ndipo alipopita mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo, kijana tu, akamweleza kwamba pana ukandaji wa namna nyingine, na kwamba homa ikiisha angemwonyesha. Nilikuwepo siku ya kwanza, kwa kuwa mumewe alikuwa safarini. Nilichokiona kilinishangaza kwa udogo wake. Kijana yule hakugusa mkono kabisa kwa muda mrefu. Alianzia shingoni, juu ya mtulinga, akiisogeza ngozi kwa vidole vilivyolala, kwa wepesi kama mtu anayempapasa mtoto mchanga, akiivuta kidogo na kuiachilia. Kisha akaenda kwenye kwapa la upande wa pili, ule mzima. Kisha kifuani, akiyaelekeza maji kutoka upande mgonjwa kwenda upande wenye tezi nzima. Baada ya hapo ndipo alipofika begani, akashuka hatua kwa hatua hadi vidoleni, lakini kila msukumo ukielekezwa juu.

Nilimwuliza kwa nini hakuanzia penye uvimbe. Akanijibu kwa swali: “Mwalimu, mtaro ukiziba mtaani kwenu, mwanzia wapi kuzibua, penye dimbwi au kule mbele maji yanakotokea?” Sikuwa na la kuongeza. Nimelitumia jibu lile darasani mara nyingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kushindwa kulielewa.

Ukandaji huu si uganga wa jana. Mwaka 1892 daktari wa upasuaji kutoka Austria, Alexander von Winiwarter, alikwisha kuandika juu ya kutibu miguu iliyovimba kwa kuiinua, kuifunga na kuikanda. Mnamo miaka ya 1930, mume na mke kutoka Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliokuwa wakifanya kazi mjini Cannes huko Ufaransa, waliubuni mtindo wa mkono mwepesi, nao ukatangazwa mjini Paris mwaka 1936. Kwa muda mrefu madaktari waliubeza kuwa jambo la saluni za urembo. Baadaye Michael Földi na wenzake waliuunganisha na mambo mengine matatu: bendeji, mazoezi na utunzaji wa ngozi. Tangu hapo matibabu haya yakawa mafiga manne badala ya moja, na hilo ndilo jambo ambalo nataka msomaji alishike kuliko jina la mtu yeyote.

Maana mkono peke yake hautoshi. Baada ya kukandwa kwa muda upatao saa moja, kiungo hufungwa bendeji tabaka kwa tabaka, nzito zaidi chini na nyepesi kuelekea juu. Nayo si bendeji yoyote. Ile laini inayonyumbuka sana kama mpira hukibana kiungo hata mtu akiwa amelala, na hukubali kusukumwa misuli inapofanya kazi. Inayotakiwa ni ile isiyonyumbuka sana. Mgonjwa akitulia haimbani kupita kiasi, lakini akitembea, misuli hufutuka na kukuta ukuta. Basi maji yaliyo katikati ya misuli na ukuta huo hayana budi kupanda. Mwalimu wa Fizikia ana somo zima hapa la shinikizo, bila ya kununua kifaa chochote cha maabara. Kazi hii hufanywa kila siku kwa wiki mbili hadi nne, kisha mgonjwa huvaa soksi au mkono wa kubana na kuendelea mwenyewe nyumbani, maisha yake yote.

Utafiti nao unasema nini? Mwaka 2015 watafiti wa mtandao wa Cochrane walipochunguza majaribio sita yaliyohusu wanawake waliovimba mkono baada ya saratani ya titi, waliona kwamba bendeji ndiyo iliyofanya sehemu kubwa ya kazi, na kwamba ukandaji uliongeza faida kidogo juu yake, hasa kwa wale ambao uvimbe wao ulikuwa haujakithiri. Nayaeleza haya waziwazi kwa sababu siku hizi katika miji yetu mna mahali ambapo ukandaji wa limfu unauzwa kwa wenye afya zao ili wapunguze matumbo. Hao na watumie fedha zao wapendavyo. Tatizo ni kwamba sifa hiyo ya urembo yaweza kumfanya mganga mkuu wa hospitali auone ukandaji huu kuwa anasa, na pia yaweza kumfanya mgonjwa wa kweli afikiri kwamba akikandwa mara tatu bila ya bendeji amekwisha kutibiwa.

Tena si kila mguu uliovimba ni wa kukandwa. Mguu mwekundu, wenye moto na maumivu, huachwa hadi maambukizi yatibiwe. Mwenye damu iliyoganda katika mshipa wa ndani asiguswe. Mwenye moyo ulioshindwa na kazi yake, vilevile, kwani ukimrudishia maji kwa haraka wamwongezea mzigo. Ndiyo maana daktari hutangulia na mkono hufuata.

Nirudi kwa matende, kwa kuwa ndiyo yaliyoniletea swali la yule msichana. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa huu mwaka 2000. Hapa Kenya ugawaji wa dawa kwa umma ulianzia Kilifi mwaka 2002 na kuenea katika sehemu nyingine za Pwani. Mwaka 2018 ukaanza mtindo wa kutumia dawa tatu kwa pamoja katika baadhi ya maeneo ya Lamu na Mombasa. Kazi hiyo ni njema na haina budi kuungwa mkono. Togo ilithibitishwa kuushinda ugonjwa huu kama tatizo la afya ya umma mwaka 2017, na Malawi ikafuata mwaka 2020. Lakini dawa hizo huviua vijiminyoo vilivyo katika damu ili mbu asiwe na cha kubeba. Mguu uliovimba miaka ishirini haupungui kwa vidonge. Basi nchi yaweza kutangazwa kuwa imeshinda, watu wakapiga makofi, na nyanya wa msichana yule akabakia ndani ya nyumba yake vilevile alivyokuwa. Shirika lenyewe linalijua hilo, ndiyo maana linadai pia kwamba kila nchi ionyeshe huduma iliyoandaliwa kwa waliokwisha kudhurika. Duniani kote hao wenye viungo vilivyovimba kwa sababu ya mnyoo huu walikadiriwa kuwa zaidi ya milioni 15, mbali na wanaume milioni 25 wenye mabusha, ambao upasuaji huwafaa.

Kwa wagonjwa wa matende figa lililo muhimu kuliko yote ndilo lililo rahisi kuliko yote. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mnyoo ndiye anayeuzidisha mguu. Daktari Gerusa Dreyer na wenzake huko Recife, Brazil, walionyesha kwamba kinachouzidisha zaidi ni vijidudu vya kawaida vya ngozi vinavyoingilia kwenye nyufa, hasa katikati ya vidole. Zile homa za ghafla ambazo wazee wetu huziita homa ya matende, na ambazo wengine huzisingizia pepo, tego au hata maji ya madafu, ni maambukizi hayo. Kila homa moja huharibu mishipa zaidi, na mguu hupanda daraja. Kuosha mguu kila siku kwa maji safi na sabuni, kuukausha vizuri hasa katikati ya vidole, kupaka dawa penye jeraha, kuuinua mtu anapoketi au kulala, kuchezesha kifundo cha mguu na kuvaa viatu visivyobana: hayo hupunguza homa, na homa zikipungua mguu hupata kupumua. Dreyer aliwakusanya wagonjwa katika vilabu alivyoviita vya matumaini ili wafundishane wenyewe kwa wenyewe. Sioni kwa nini kijiji cha Kwale au cha Tana River kisiwe na chake.

Watasema wenye kusema kwamba hospitali zetu hazina hata dawa za kutosha, sembuse mkandaji wa limfu. Hoja hiyo nimeisikia, na wala si ya kipuuzi. Lakini tuhesabu. Mwenye matende anayeshikwa na homa hulala kitandani siku kadhaa, haendi shambani wala sokoni, na mtoto wa shule hubakia nyumbani kumwuguza. Yule mtoto mimi nilimwandika katika rejista kuwa hayupo, na mara moja nilimwadhibu kwa utoro. Sabuni, beseni, taulo na bendeji zinazofulika na kutumika tena si gharama inayoishinda kaunti inayotaka. Kinachokosekana ni mtu aliyefunzwa, na bendeji kuhesabiwa miongoni mwa dawa badala ya kuachiwa mgonjwa ajitafutie. Kila hospitali ya kaunti ndogo katika Pwani ingestahili kuwa na angalau mtaalamu mmoja wa tiba ya viungo aliyejifunza kazi hii, naye awafunze wahudumu wa afya wa vijijini. Na ningependa wakandaji wetu waitwe waketi katika mafunzo hayo pia. Mikono yao imezoea miili ya watu, na watu wanawaamini. Wakijua lini waache nguvu, na lini wamrudishe mgonjwa hospitalini, watawaokoa wengi ambao hawatafika kwa daktari kabla ya kufika kwao.

Kwa walimu nina ombi dogo zaidi. Tunapofundisha matende tusiishie kwenye mbu na chandarua. Tuweke sehemu ya mwisho ubaoni, ya utunzaji wa mguu, na tuifundishe kwa vitendo. Wanafunzi wengi kuliko tunavyodhani wana mtu nyumbani. Na panapotokea mzaha juu ya mwenye mguu mkubwa au mwalimu mwenye mkono uliovimba, tusijifanye hatukusikia.

Mwenzangu wa Hisabati alirudia mkono wake wa kulia. Haukuwa mwembamba kama wa zamani, na hadi alipostaafu alivaa mkono wa kubana chini ya blauzi, akijikanda mwenyewe kila usiku kama alivyofunzwa na yule kijana, akianzia shingoni. Msichana yule nilimtafuta kabla hajamaliza kidato cha nne. Nilimwambia kwamba nilimjibu vibaya, nikampa karatasi niliyoandika hatua za kuosha na kuinua mguu, na jina la zahanati ambako angeweza kumpeleka nyanya yake. Aliisoma yote akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha walimu, kisha akaniuliza kama sabuni ya kipande ingefaa, kwa kuwa nyumbani kwao hawakuwa na nyingine. Nikamwambia kwamba yafaa.